Makhan Singh, makuli wa Mombasa na chimbuko la marupurupu ya nyumba

MFANYAKAZI wa Kenya anapopokea hati yake ya mshahara mwishoni mwa mwezi, aghalabu hukuta humo kiasi kilichoandikwa kando kuwa ni marupurupu ya nyumba. Wengi hukichukulia kuwa hisani ya mwajiri, ama desturi tu iliyorithiwa kwa Mwingereza. Wachache wanafahamu kwamba suala hilo lilipiganiwa barabarani, na kwamba baadhi ya waliolipigania walifukuzwa kazini na wengine kupelekwa uhamishoni. Wachache zaidi wanajua kuwa miongoni mwao alikuwapo mtu aliyekiri mbele ya jaji, bila kushurutishwa, kuwa yeye ni mkomunisti.

Ili kuelewa kwa nini mshahara na nyumba vilifungamana hivyo nchini Kenya, sharti mtu arejee jinsi serikali ya kikoloni ilivyomtazama Mwafrika aliyekuja mjini. Kwa mtazamo wa watawala, huyu alikuwa mgeni wa muda. Alidhaniwa kuwa kapera, au mwanamume aliyemwacha mkewe shambani katika maeneo yaliyotengewa Waafrika, mahali ambapo familia ingejilisha yenyewe. Mshahara wake ulikadiriwa kwa tumbo moja. Makao yake nayo yalikadiriwa kwa mwili mmoja: hakupimiwa nyumba bali nafasi ya kitanda. Kariokor jijini Nairobi, mtaa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ulianza kama mabweni ya wanaume.

Sheria za kazi za enzi hiyo zilimtaka mwajiri ampe mtumishi wake makao, na waajiri wakubwa walijenga. Shirika la Reli lilikuwa na nyumba zake Muthurwa na baadaye Makongeni. Lakini nyumba ya mwajiri ilikuwa na kasoro ambayo kila aliyewahi kuishi humo aliijua: kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Mfanyakazi aliyegoma asubuhi angeweza kujikuta nje pamoja na kitanda chake jioni. Bosi na mwenye nyumba walikuwa mtu mmoja, na chama chochote kilichotaka kumtetea mfanyakazi kuhusu mshahara kilijikuta, kitake kisitake, kimetia mguu katika suala la makao.

Wasiopata nyumba za waajiri walipanga kwa watu binafsi. Nairobi walikwenda Pumwani, mtaa ambao Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba za udongo kwenye viwanja vya baraza la mji na kukodisha vyumba. Hapa ikumbukwe kwamba mwenye nyumba mara nyingi alikuwa Mwafrika, tena si ajabu awe mwanamke aliyejenga kwa akiba yake mwenyewe. Kwa hivyo ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba haukuwa siku zote ugomvi wa rangi, ingawa uhaba uliopandisha kodi ulikuwa tunda la sera ya kibaguzi iliyowabana Waafrika wote katika vipande vichache vya ardhi.

Mombasa mambo yalikuwa na sura nyingine. Majengo ilichipuka katika ardhi ya watu binafsi. Mwenye ardhi alimruhusu mtu ajenge nyumba ya Kiswahili, ya vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi na ua nyuma, kisha akamtoza kodi ya kiwanja kila mwezi. Mwenye nyumba naye akakodisha vyumba. Hivyo kuli aliyelala chumba kimoja na wenzake watatu au wanne alikuwa akimlipa mwenye nyumba, na sehemu ya fedha hizo ikapanda hadi kwa mwenye ardhi. Utaratibu huo wa nyumba bila ardhi haujaisha Pwani hadi leo.

Kuli wa bandarini alikuwa na balaa ya ziada. Aliajiriwa kwa siku. Meli ikija ana kazi, isipokuja hana, na kwa kuwa hakuwa na mwajiri wa mwezi hakuwapo mtu aliyewajibika kumpa makao. Chakula kilimsubiri apate. Mwenye nyumba hakusubiri.

Katika mazingira hayo ndipo alipotokea Makhan Singh. Alizaliwa mwaka wa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilayani Gujranwala, eneo la Punjab ambalo sasa liko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyekuja Kenya kufanya kazi ya reli, kisha akafungua kiwanda kidogo cha uchapishaji jijini Nairobi. Kijana alimfuata baba mwaka wa 1927, akasoma, akatunga mashairi ya Kipunjabi na kujifunza kazi ya kupanga herufi. Kiwanda hicho kilikuja kumfaa sana: mtu mwenye mtambo wa kuchapisha hahitaji kuomba ruhusa ya mhariri.

Mafundi wa Kihindi walikuwa wameunda chama chao mwaka wa 1934. Mwaka uliofuata walimchagua Makhan Singh kuwa katibu, na mara moja alipendekeza jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: neno “Wahindi” liondolewe katika jina la chama, na milango ifunguliwe kwa wafanyakazi wa rangi zote. Wanachama walikubali. Chama kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na kufikia 1937 kilikuwa kimejitanua na kuwa Labour Trade Union of East Africa.

Uamuzi huo haukuwa wa huruma tu. Makhan Singh alisoma maandishi ya kisoshalisti na alifuata hoja yake hadi mwisho: mradi fundi Mhindi analipwa zaidi ya msaidizi wake Mwafrika, mwajiri atamtumia mmoja kumtisha mwingine. Vijikaratasi vya chama vilichapishwa kwa Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu na Kiswahili. Chama kilitangaza kuwa kuanzia Oktoba 1, 1936 siku ya kazi itakuwa ya saa nane. Mwaka wa 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62, wakapata nyongeza ya mishahara. Serikali nayo ilipitisha sheria ya kwanza ya kusajili vyama vya wafanyakazi mwaka huo huo, na chama hicho kikasajiliwa.

Hata hivyo, kusema kweli, kwa miaka hiyo ya mwanzo chama kilibaki kuwa cha mafundi wa Kiasia kwa sehemu kubwa. Waafrika waliokiingia walikuwa wachache, na haikuwa ajabu: walitenganishwa kwa mitaa, kwa shule na kwa malipo. Mabadiliko yalianza kuonekana Julai 1939, pale Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa Kikuyu Central Association (KCA), walipochaguliwa katika kamati kuu ya chama.

Wiki hizo hizo, Mombasa ililipuka. Walioanza hawakuwa makuli bali vibarua wa Idara ya Ujenzi ya serikali, mnamo Julai 1939. Dai lao kubwa lilikuwa la nyumba: kwamba mshahara wanaopewa haulipi kodi ya chumba, na kwa kuwa serikali haikuwajengea makao, basi iwape fedha za kupangia. Wakuu wa idara walikubali kutoa posho hiyo. Habari zilipoenea mjini, wafanyakazi wa mahali pengine nao waliweka chini zana zao. Mwanzoni mwa Agosti makuli wa bandari, ambao hawakuwa na wa kuwapa posho kwa kuwa hawakuwa na mwajiri wa mwezi, waligoma pia, na kwa siku chache maelfu ya watu hawakwenda kazini.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na H. C. Willan. Kilichojitokeza mbele yake kilikuwa aibu tupu: vyumba vilivyojaa kupita kiasi, kodi isiyolingana na kipato, na idara za serikali yenyewe zisizotimiza wajibu ambao sheria iliwatwika waajiri. Tume ilikubali kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa kiini cha manung’uniko. Lakini Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza Septemba, na mipango ya ujenzi ikawekwa kando.

Jambo moja lilidumu, nalo ndilo lenye uzito katika historia hii. Makao yalikuwa yamegeuka kutoka wajibu wa kwenye karatasi na kuwa kiasi cha fedha kinachohesabika, kinachoweza kudaiwa, kulinganishwa na kugomewa. Kuanzia hapo kila mgomo mkubwa wa Mombasa ulikuja na swali la kodi ya nyumba.

Makhan Singh mwenyewe hakuwapo kuvuna. Alisafiri kwenda India mwishoni mwa 1939, akakamatwa na serikali ya Uingereza huko Mei 1940. Alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, kisha akawekewa vikwazo kijijini kwao hadi Januari 1945. Baadaye alifanya kazi ya uhariri katika gazeti la wakomunisti lililoitwa Jang-i-Azadi, mjini Lahore. Aliporejea Kenya Agosti 1947, serikali ilimpa amri ya kuondoka. Alikataa, akaipeleka serikali mahakamani na kuishinda.

Alikuta nchi imebadilika. Januari 13, 1947, wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 walikuwa wamegoma kwa karibu wiki mbili: makuli, watu wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Kila siku walikusanyika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha African Workers Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia, kijana aliyesoma Alliance. Kibachia hakuwa msoshalisti wa vitabuni kama Makhan Singh, lakini alichokidai, malipo sawa kwa kazi sawa na mshahara wa kumwezesha mtu kulipa kodi na kula, kilitoka katika hesabu ile ile ya chumba na sufuria.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alitumwa kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yangechunguzwa. Walirudi. Jopo lililoongozwa na Ransley Thacker liliongeza mishahara ya makundi kadhaa. Lakini Kibachia alipojaribu kukipeleka chama Nairobi na bara alikamatwa, mwezi ule ule wa Agosti 1947, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, ambako alizuiliwa kwa takribani miaka 10. Jina la Thacker lifaa kukumbukwa, maana litajitokeza tena.

Mei 1, 1949 vyama vitano vya Nairobi viliungana na kuunda East African Trade Union Congress. Fred Kubai wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi alikuwa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuusajili muungano huo. Hilo halikuuzuia kufanya kazi, na jambo lililowaudhi watawala kuliko yote lilikuja mwaka uliofuata.

Machi 30, 1950 Nairobi ilitangazwa kuwa jiji. Mwanamfalme Duke wa Gloucester alikuja kukabidhi hati, mitaa ikapambwa. Muungano uliwataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Hoja yake ilikuwa rahisi na ndiyo maana ilichoma: zipo Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na iliyopandishwa hadhi ni moja tu. Anayelala kwenye nafasi ya kitanda Kariokor, au aliyejibana na familia katika chumba cha Pumwani huku akihofia msako wa polisi usiku, ana nini cha kusherehekea?

Si rahisi kupata mahali pengine ambapo itikadi ya wanaharakati hao ilijieleza vizuri zaidi. Walichukua suala la makazi, ambalo wengine walilipeleka kwa mkuu wa wilaya kama ombi la mabomba ya maji na taa za barabarani, wakalifanya suala la nani anaumiliki mji. Majuma machache baadaye, Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh aliwasilisha azimio la kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mkutano huo ulikuwa wa pamoja kati ya KAU na chama cha siasa cha Wahindi.

Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Walitaka viongozi wao waachiliwe, Kibachia akiwamo, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi walitumia vitoa machozi na magari ya kivita katika mitaa ya Waafrika. Mgomo ulienea hadi miji mingine na kudumu takribani siku tisa.

Makhan Singh alifikishwa mbele ya jaji huko Nyeri. Jaji alikuwa Thacker, yule yule wa jopo la Mombasa, ambaye miaka miwili baadaye angekaa Kapenguria kumsikiliza Jomo Kenyatta na wenzake, akiwamo Kubai. Alipoulizwa kuhusu imani yake ya kisiasa hakuficha: alikuwa mkomunisti, na Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala Kenya. Alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11 kizuizini, muda mrefu kuliko aliokaa Kenyatta.

Kwa hesabu ya haraka, basi, wasoshalisti hao walishindwa. Muungano wao ulipigwa marufuku. Mahali pake pakachukuliwa na shirikisho jingine lililosajiliwa na serikali, ambalo Tom Mboya aliliongoza kwa ustadi mkubwa, akiungwa mkono na vyama vya wafanyakazi vya nchi za Magharibi vilivyochukia ukomunisti.

Lakini watawala walikuwa wameogopa, na hofu hiyo ilifanya kazi ambayo maombi ya miaka mingi hayakuifanya. Kamati ya F. W. Carpenter iliripoti mwaka wa 1954 kwamba mshahara wa kapera haufai tena. Ilipendekeza kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kiweze kutunza familia, na posho ya nyumba iende sambamba nacho. Mwaka huo huo, Aprili, operesheni ya kijeshi iliyoitwa Anvil ilikuwa ikiwazoa Nairobi maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Mageuzi na magereza yalikuja pamoja.

Kwa upande wa wapangaji, serikali ilikuwa imeanza kudhibiti kodi za nyumba wakati wa vita, kwa kufuata mfano wa Uingereza, ambako sheria ya kwanza ya aina hiyo ilipitishwa Desemba 1915. Huko nako hakukuwa na hisani: mwaka huo wanawake wa Glasgow, wakiongozwa na akina Mary Barbour na wakisaidiwa na wasoshalisti wa jiji hilo, walikataa kulipa kodi iliyopandishwa, na wafanyakazi wa viwanda vya meli na silaha wakaacha kazi kuwaunga mkono. Sheria ya Kenya kuhusu udhibiti wa kodi, Sura ya 296, ilianza kutumika 1959.

Uhuru ulipopatikana Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote wa maana. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya hadi 1952, iliyochapishwa 1969, kitabu ambacho hadi leo wanahistoria hawawezi kukikwepa. Alifariki Mei 18, 1973. Wakati huo Baraza la Jiji la Nairobi, sasa likiendeshwa na Waafrika, lilikuwa limekwisha kubomoa maelfu ya vibanda vya maskini.

Kilichobaki kinaweza kusomwa katika vitabu vya sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa kwa gharama yake, au amlipe fedha za kutosha kupangia, juu ya mshahara. Maagizo ya mishahara ya kima cha chini yameweka marupurupu hayo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Sheria ya kodi nayo ilimpa mpangaji jopo la kumsikiliza, na ikafanya kuwa kosa kwa mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kusudi ahame au alipe zaidi. Tatizo ni kwamba ilihusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilipowekwa kiliwafunika wafanyakazi wengi wa mjini. Bei zilipopanda hakikupandishwa, na taratibu ulinzi ukabaki kwa vyumba vya mabati na vichache vinginevyo, huku anayelipa Sh10,000 Umoja au Mikindani akiachwa na mkataba wake, ikiwa anao. Tangu Machi 2024, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kugharamia ujenzi. Fedha za nyumba zimeanza kutembea kinyume: kutoka mfukoni mwa mfanyakazi, ingawa mwajiri naye hutoa kiasi sawa.

Kifungu cha 31 kina mlango wa nyuma pia. Mwajiri hatakiwi kulipa marupurupu kando ikiwa mkataba unaeleza kwamba mshahara wenyewe umejumuisha fedha za nyumba. Waajiri wengi wameujua mlango huo, na maneno “mshahara jumuishi” yameenea katika mikataba ya walinzi, wahudumu wa hoteli na madereva. Ndiyo maana madai ya marupurupu ya nyumba hayakosekani katika kesi za Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, na kabla ya yote majaji hutaka kujua mkataba uliandikwaje, na kama mfanyakazi aliambiwa hivyo alipotia sahihi.